Usiku Mmoja Juu ya Nyiragongo

Katika chumba chetu cha mafundisho, ukutani, chini kidogo ya msalaba, imetundikwa foto moja inayowasumbua wakatekumeni. Wakiingia mara ya kwanza wanadhani imeharibika. Mama mmoja alisema kuna mtu aliyemwaga unga wa muhogo juu ya kitambaa cheusi, na kitambaa chenyewe kimeanza kuungua upande wa chini. Kijana mmoja akabisha, akasema ni mji wa Goma usiku, ukitazamwa kutoka ndegeni. Foto hiyo tuliipiga sisi wenyewe, usiku wa tarehe 2 ya mwezi wa saba, mwaka 2019, juu ya mlima Nyiragongo. Kwa kuwa swali ni lile lile kila mwaka, tumeona afadhali tulijibu hapa gazetini, na kusema pia lile ambalo wakatekumeni hatukuwaambia.

Inatubidi kwanza turudi nyuma.

Sisi tumezaliwa Goma, mtaa wa Murara. Mama yetu alifariki mwaka 1999, tukiwa na miaka 7. Nyumbani ilibaki foto yake moja tu. Alipigwa siku ya ubatizo wetu, amesimama nje ya kanisa na mtoto mikononi, uso ameugeuza kidogo kwa ajili ya jua. Baba aliitunza ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na karatasi za kiwanja na kadi za ubatizo, na siku kuu ya Noeli alikuwa akilifungua tumwone.

Alhamisi tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka 2002, mlima ulipasuka ubavuni. Asubuhi tulisikia habari tu. Mchana tukaona moshi. Kisha mto wa moto ukaingia mjini. Baba alimpakia Bibi juu ya chukudu, akamfunga kwa kamba asianguke, akatuambia: "Ingia ndani, leta sanduku." Tuliingia. Tulikuwa na miaka 9. Sanduku lilikuwa zito, na karibu na mlango kuku wetu alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza, anapiga kelele. Tukamchukua kuku. Mpaka leo hatuwezi kueleza sababu. Watu walikuwa wengi njiani, kila mmoja na godoro lake, na Baba akisukuma chukudu hakugeuka hata mara moja. Tulipovuka mpaka na kufika Gisenyi, ndipo akauliza: "Sanduku liko wapi?" Tukamwonyesha kuku.

Hakutupiga. Alitazama nyuma, upande wa Goma, ambako mbingu ilikuwa nyekundu, kisha akaenda kumtafutia Bibi maji. Ingekuwa heri atupige.

Tuliporudi, mtaa ulikuwa jiwe jeusi tupu, bado lina joto chini ya ndala. Hata kanisa kuu la jimbo lilikuwa limekwenda. Mahali pa nyumba yetu tulipatambua kwa kukisia tu. Na Bibi, ambaye alikuwa Mkristu mwema lakini alikulia katika habari za wazee wa zamani, akasema jambo lililotuingia rohoni kama mwiba. Wazee wa pande zetu na wa Rwanda walisadiki kwamba wafu waliofuata Ryangombe hukaa vizuri katika milima yake, na wale waliomkataa hutupwa ndani ya moto wa Nyiragongo. Bibi hakusema hayo kwa ubaya. Alikuwa anapiga hadithi tu jioni, ndani ya hema la wakimbizi. Lakini mtoto husikia kwa namna yake. Sisi tulijua kwamba Mama alikuwa amebatizwa, kwa hiyo hakumfuata Ryangombe. Tukajua pia kwamba moto wa mlima umekuja kuichukua sura yake nyumbani. Tukaviunganisha viwili hivi. Miaka mingi tulilala tukiupa mlima mgongo.

Baadaye tuliingia seminari, tukasoma falsafa, tukajifunza kuyajibu mambo ya namna hiyo kwa hoja tatu na kila hoja na namba yake. Tulimaliza miaka yetu pale, na kabla ya kupewa daraja tukaona kwamba njia yetu ni nyingine, tukarudi parokiani kuwa katekista. Majibu tulikuwa nayo yote. Na mlima tulikuwa bado hatuutazami usiku.

Mwezi wa sita wa mwaka 2019 alikuja kututembelea padri mmoja mzee aliyetufundisha falsafa. Padri huyu ana kichaa kimoja kitakatifu, ndizo nyota. Alikuwa na apareyi ya kupiga foto, imekwisha zeeka, na miguu mitatu ya chuma ya kuisimamishia. Akatuambia: "Mwanangu, Parki imefunguliwa tena tangu mwezi wa pili. Nina fedha kidogo niliyopewa siku ya yubilei yangu. Tupande Nyiragongo, tulale juu, tupige foto mbingu." Tukatafuta udhuru. Tulisema habari za Ebola, ambayo mwaka ule ilikuwa inaua watu huko Beni na Butembo. Tulisema habari za magoti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akachagua siku. Akachagua tarehe 2, kwa sababu usiku ule mwezi ni mwandamo, hautaonekana kabisa, na giza litakuwa safi. Jioni ile ile, alisema, mwezi huo utalifunika jua huko Chile na Argentina. Tena alikumbuka kwamba katika kalenda ya zamani tarehe 2 ya mwezi wa saba ilikuwa siku kuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, kabla haijahamishwa kwenda tarehe 31 ya mwezi wa tano. "Naye alipanda milimani," alisema, "tena akiwa na mimba." Baada ya neno hilo magoti yake hayakutajwa tena.

Parokiani watu walinung'unika. Wengine walisema mbele yetu, wengine nyuma: katekista mzima anaacha mafundisho siku mbili, anakwenda kupiga foto nyota, kana kwamba nyota hazionekani uani kwake bure. Hatukuwajibu, maana hata sisi tulikuwa tunajiuliza.

Safari ilianzia Kibati, kwenye kituo cha walinzi. Tulinawa mikono kwa maji ya dawa, wakatupima joto la mwili, wakaangalia karatasi zetu. Parki hii ya Virunga ndiyo ya kwanza katika Afrika. Ilianzishwa mwaka 1925 ikiitwa Parki Albert, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Wengi wetu tunaoishi kando yake hatujapata kuingia ndani. Tunajua tu tunakatazwa kukata miti. Walinzi wawili wenye bunduki walitutangulia, na wachukuzi nyuma na makaa, mablanketi na chakula.

Mwanzo ni msitu, wenye tope na upupu. Kisha njia inapita juu ya mawe meusi yanayovunjika chini ya viatu kama vigae. Mlinzi mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akatuonyesha ufa mrefu ardhini: "Mwalimu, moto wa 2002 ulitokea hapa." Tukasimama. Ufa ulikuwa umekwisha kuota majani na maua madogo. Tulidhani tutasikia hasira au hofu, lakini tulisikia uchovu wa miguu tu. Padri akaketi juu ya jiwe, akafungua chupa yake ya chai, akamgawia mlinzi.

Tulipanda saa 6. Karibu na kilele miti inakwisha, yanabaki majani makubwa ya ajabu yenye manyoya, baridi inashika masikio. Saa 10 za jioni tulikuwa juu, mita 3,470, ambako kulikuwa na vibanda vidogo vya kulala vimejengwa ukingoni. Tulikwenda kuchungulia ndani ya shimo, lakini hatukuona kitu ila wingu jeupe. Upana wa shimo hilo unapita kilomita 1. Kwa chini kabisa, ndani ya wingu, tulisikia sauti kama bahari inayopiga miamba. Ndilo ziwa la moto. Mwaka 1977 ziwa hilo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likakimbia mteremkoni kuliko gari.

Wingu lilikaa mpaka saa 3 za usiku. Tulikula mkate na samaki wa mkebe tukizunguka jiko la makaa, tukasali Rozari, na meno yetu yalikuwa yanagongana katikati ya Salamu Maria. Padri hakuhuzunika. Alisema anayetaka kupiga foto nyota lazima kwanza akubali kurudi nyumbani bila kitu. Kisha, kama mtu anayevuta pazia, upepo ukageuka.

Wasomaji wapendwa, sisi ni watu wa taa za petroli, na umeme ukikatika katika mitaa yetu tunaziona nyota nyingi. Lakini za pale juu hazikuwa zile. Giza lenyewe lilikuwa limepungua nafasi. Upande wa kusini ulisimama Msalaba wa Kusini. Upande wa kaskazini, juu ya shimo, ilionekana Dubu Mkubwa, kundi la nyota linalowaongoza watu wa Ulaya. Padri alitueleza kwamba ni sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta tunaoweza kuviona viwili hivyo pamoja vizuri namna hiyo. Mtu wa Brussels hauoni Msalaba maisha yake yote. Kati yao, kutoka ukingo hadi ukingo, ulitanda ule mkanda mweupe ambao Wazungu huuita Njia ya Maziwa, na katika sehemu yake iliyo nene ziling'aa sayari mbili, huku Jupiter, huku Saturn, kama mishumaa miwili ya altare.

Kupiga foto nyota si kama kupiga foto ya ndoa. Mchana apareyi hufungua jicho lake kwa muda mfupi kuliko mtu anayepepesa, ikalifunga. Usiku mwanga ni haba, kwa hiyo jicho hubaki wazi sekunde 15 au 20, na chombo kisitikisike hata kidogo. Ndiyo kazi ya ile miguu mitatu. Wala usiiguse apareyi wakati inapofanya kazi; unaiamuru ingoje sekunde 2 baada ya kidole kuondoka. Ukiliacha jicho wazi muda mrefu zaidi, nyota hazibaki nukta, zinakuwa vistari, kwa kuwa dunia inazunguka na kutubeba. Padri aliliacha wazi nusu saa nzima akielekeza mashariki, atuonyeshe: nyota za katikati zilichora mistari iliyonyoka kwenda juu, za kushoto zikapinda kuelekea kaskazini, za kulia zikapinda kuelekea kusini. Alifurahi kama mtoto. Katika nusu saa ile batri ya kwanza ilikufa kwa baridi, na ya pili ilibidi tuiweke kwapani mpaka itakapohitajiwa.

Tukamwomba tupige upande wa shimo.

Hakuuliza sababu. Anatujua tangu tukiwa na miaka 19, na habari ya kuku tulikwisha kumwambia seminarini, siku moja ya maungamo yaliyogeuka kuwa mazungumzo. Tulisimamisha apareyi karibu na ukingo, tukalala kifudifudi, tukachungulia. Sasa wingu lilikuwa limeondoka, tukaliona ziwa. Ngozi nyeusi inaelea, inapasuka mistari mistari ya dhahabu, inazama, inazaliwa nyingine. Tulitazama muda mrefu. Tulikuwa tumekuja tukiwa tayari kwa pambano, na mbele yetu palikuwa na mawe yanayochemka. Hamkuwa na mtu ndani yake. Jambo hili kila mtoto wa komunyo ya kwanza analijua, na sisi tulilifundisha darasani miaka kadhaa. Lakini lilikuwa halijapata kutuingia machoni.

Foto ya kwanza ilitoka nyekundu tupu. Ya pili vile vile. Moto ulikuwa na mwanga mwingi mno: jicho likifunguliwa kidogo, moto unaonekana na nyota hakuna, likifunguliwa sana, moto unameza kila kitu. Tulihangaika hivyo karibu saa nzima. Ndipo Padri akavua kofia yake nyeusi ya sufu akasema: "Funika chini." Yaani, katika zile sekunde 20, kofia izuie nusu ya chini ya kioo, ikitikiswa polepole isiache alama, kisha mwishoni iondolewe kwa sekunde 1 tu, moto nao upate haki yake. Mara ya kwanza tuliigonga apareyi. Mara ya pili tulisahau kuiondoa kofia. Mara ya tano, ilipokuwa karibu saa 6 za usiku, ikatoka foto ambayo mnaiona ukutani: chini ukingo wa shimo na moshi mwekundu, na juu yake nyota, na juu kabisa, karibu na mwisho wa karatasi, nyota moja nyeupe inayozishinda zote. Inaitwa Vega.

Tulipokuwa tunangoja, Padri alituambia habari za Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Louvain, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza kama kitu kidogo kinachofanana na atomu moja. Baba Mtakatifu Pio wa 12 alipoitaja elimu hiyo mwaka 1951 kana kwamba inathibitisha uumbaji, Padri Lemaître hakupendezwa. Hakutaka hesabu zake zifanywe hoja ya imani, wala imani ifanywe hoja ya hesabu. Tulimwuliza mwalimu wetu: basi nyota zinatufundisha nini? Akajibu, huku anapuliza vidole vyake: "Mwanangu, shika kofia vizuri."

Lakini jambo moja alitufundisha. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde 1. Ule wa Jupiter tuliouona pale ulikuwa umetoka kama dakika 36 kabla. Ule wa katikati ya Njia ya Maziwa umesafiri miaka 26,000 hivi. "Na ule wa Vega?" tukauliza. "Miaka 25."

Tukafanya hesabu. 2019, toa 25, ni 1994. Goma haiwezi kuusahau mwaka huo, wakimbizi wa Rwanda walipojaa barabara zote na kolera ikawaua kwa maelfu. Sisi tulikuwa na miaka 2. Baba hutusimulia kwamba Mama alikuwa akichemsha maji tangu asubuhi hadi usiku, anayapeleka barabarani kwa ndoo, na kwamba aligombana naye kwa ajili ya makaa yaliyokwisha. Basi mwanga ulioingia katika apareyi yetu juu ya lile shimo uliondoka kwenye nyota yake Mama akiwa hai, anagombana kwa ajili ya makaa. Hatukusema neno. Padri naye hakusema, ila alitupa blanketi lake, akadai yeye ni mnene na hahisi baridi, jambo ambalo si kweli.

Kama saa 8 za usiku yule mlinzi mrefu akaja kutoka zamu yake. Alisimama kando kidogo, akakohoa. "Padri," akasema, "hiyo apareyi inapiga na watu?" Padri akasema inapiga. "Ninaomba foto moja. Mke wangu ana foto yangu ya kitambulisho tu. Katika kazi yetu mtu akipotea, ile ya kitambulisho ndiyo wanaiweka juu ya jeneza. Sitaki watoto wangu wanikumbuke kwa sura ile."

Hakuna aliyecheka. Tulimsimamisha ukingoni upande wa kusini-magharibi, Ziwa Kivu likiwa chini yake gizani; Njia ya Maziwa ilikuwa imelala nyuma ya mabega yake, na Jupiter kando. Tukamweleza: sekunde 20 bila kutikisika, na Padri atamulika uso wako kwa tochi mara moja tu. Akaweka bunduki chini kwanza, akaulizia kama inafaa, kisha akaichukua tena, kisha akaiweka. Mara ya kwanza alipumua. Mara ya pili alipiga chafya, naye ndiye aliyecheka zaidi. Mara ya tatu alisimama kama sanamu, na ilipokwisha tulimwonyesha katika kioo kidogo cha nyuma. Alijitazama sana. "Itafika lini?" akauliza. Tukasema: kabla ya mwezi kwisha.

Hapo ndipo penye kosa letu, wasomaji, nasi hatulifichi. Padri alirudi seminarini na apareyi yake. Siku 12 baada ya safari, Ebola ikafika Goma, na kazi za parokia zikawa nyingi. Foto zilitufikia mwezi wa kumi na mbili. Tukachapisha kwanza ile ya Vega, ya kwetu. Fedha ya kuchapisha ya mlinzi tukasema tutaipata mwezi ujao. Mwezi ujao tukasema vile vile. Mwezi wa tatu wa mwaka 2020 Parki ilifungwa kwa ajili ya Corona. Na tarehe 24 ya mwezi wa nne redio ikatangaza kwamba karibu na Rumangabo watu wenye silaha wameua walinzi 12 na dereva wao, na raia pia.

Siku mbili hatukula vizuri. Majina hatukuwa nayo. Kila tulipofumba macho tuliona sanduku la bati chini ya kitanda. Kwa mara ya pili tuliambiwa kubeba foto ya mtu, na kwa mara ya pili tukaiacha, tena safari hii bila moto kutukimbiza. Siku ya tatu mchukuzi mmoja wa Kibati alitujulisha kwamba rafiki yetu hakuwa katika msafara ule; alikuwa zamu kwingine. Tulichapisha foto siku hiyo hiyo kwa deni. Mwezi wa tano tulipata njia ya kumfikia mke wake. Alipangusa mikono kwa kitenge kabla ya kuipokea, akaitazama kimya, watoto wanamvuta. Kisha akasema: "Mwalimu, hapa anaonekana mtu asiyeogopa. Nyumbani simwoni hivi." Akaturudishia shukrani kwa mayai sita, ambayo hatukustahili, nasi tukayapokea kwa sababu kukataa kungekuwa ubaya wa pili.

Tangu vita vilipofika Kibumba mwaka 2022 hatujapanda tena. Ziwa lile la moto tulilolipiga foto nalo liliondoka shimoni Jumamosi tarehe 22 ya mwezi wa tano, mwaka 2021, siku ya kuamkia Pentekoste. Tulikuwa tunapanga viti kwa ajili ya Misa ya kesho, kama saa 1 za usiku, watoto wakaja mbio wanaonyesha mbingu. Ilikuwa nyekundu kama ile ya utoto wetu. Safari hiyo moto ulisimama Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege, lakini hakuna aliyejua kama utasimama. Tulikimbia nyumbani kwa Baba, tukampakia juu ya pikipiki ya jirani, tukaingia chumbani, tukatoka.

Usiku ule foleni ya mpaka wa Gisenyi ilikuwa ndefu, watu na magodoro yao tena. Baba alikuwa ameketi juu ya ukingo wa barabara, amejifunika koti. Akatutazama mikono. "Umechukua nini?" Tukamwonyesha: sanduku, kadi zote ndani, karatasi za kiwanja, na ile foto ya ukutani imefungwa ndani ya gazeti. Aliligonga sanduku kwa vidole, kama mtu anayepima tikiti maji sokoni.

"Na kuku?" akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 19 kulitaja jambo hilo. Akaanza kucheka, sisi tukafuata, tukacheka mpaka askari wa mpaka akaja kuuliza kuna nini.